Yule mwenye ndevu sio mtoto

Naona mshkaji wangu wa meza ya pembeni ameshapita kwenye kila grupu na voisi noti yake, eti nimemchorea mteja bwawa la kuogelea linaloning'inia ukutani. Muongo. Bwawa lilikuwa chini kwenye ardhi, limeinuka kidogo tu upande wa nyuma, na nikiwapa hesabu yake mtanionea huruma. Au mtacheka, haya chekeni.

Nyumba niliichora SketchUp, programu ya kuchora majengo kwa 3D. Bustani, bwawa, gari na watu nikavirenda (yaani kuvigeuza kuwa picha) kwenye Blender, programu nyingine ya 3D, kwa sababu majani na maji ya kule yananipendeza zaidi, halafu navibandika juu ya nyumba Photoshop, leya mbili, picha juu ya picha, kazi imeisha, nalala. Kamera nikazilinganisha kama mtu mwenye akili zake: mahali pale pale, kimo mita 1.6, imeinama nyuzi 10, pembe ya kuona, yaani upana wa kinachoingia kwenye picha, huku nyuzi 35 na kule nikaandika 35. Sasa nani angejua (nyie mnaojua nyamazeni kwanza) kwamba 35 ya SketchUp inapimwa wima, juu kwenda chini, na 35 ya Blender kwenye picha iliyolala inapimwa kushoto kwenda kulia? Kwa picha ya 16 kwa 9 tofauti hiyo inakuza kila kitu mara 1.78. Nabandika leya, nakuta mgeni aliyesimama mlangoni kichwa kiko balkoni.

Hapo dawa ilikuwa kuipunguza tu ile leya, basi, maana kamera ikiwa haijahama pembe inakata picha tu, mtazamo haiugusi. Lakini usiku ule akili yangu ikaniambia rudisha kamera nyuma. Nikairudisha karibu mita 7 mpaka mgeni akaenea mlangoni vizuri kabisa, nikajipongeza peke yangu. Kumbe kamera iliyoinama ukiivuta nyuma kwa mstari wake inapanda nayo, ikafika karibu mita 3. Kwa hiyo nyumba inatazamwa na mtu aliyesimama chini na bustani inatazamwa na mtu aliye juu ya ngazi, wote ndani ya picha moja.

Asubuhi, projekta, ukuta mzima.

Mama mteja kakaa mbele kabisa, mkoba mapajani, bosi pembeni yake anatabasamu kama vile kairenda yeye. Picha ikaja. Kimya. Mimi nikajua ni kimya cha kupendezwa, nikaanza hadi kusogeza kiti nikae mkao wa kupokea sifa. Mama akavaa miwani. Akavua. Akaifuta na mtandio, akavaa tena. Akainuka, jamani akainuka, akaenda taratibu mpaka ukutani akaweka kidole juu ya yule mwanaume aliye karibu na kamera kuliko wote. Kamera ikiwa usawa wa macho na ardhi ikiwa sawa, vichwa vya watu wazima waliosimama vinagota kwenye mstari wa upeo wa macho, awe mbali awe karibu. Wa kwangu walikuwa wanazidi kuzama kadiri wanavyosogea mbele, na huyu wa mbele kabisa alikuwa na kimo cha mtoto wa shule.

"Mwanangu," akasema kwa upole, na ule upole ndio ulioniua, "huyu mtoto mbona ana ndevu?"

"Ni mtu mzima, mama."

"Mtu mzima?"

"Ndiyo, mama."

Akamtazama tena, muda mrefu. "Maskini. Pole yake."

Bosi akakohoa. Mshkaji kule nyuma akainama kufunga kamba za viatu, na siku hiyo alikuwa kavaa ndala. Kidole cha mama kikahama, nami nakifuata kwa macho huku naomba umeme ukatike, kikapita juu ya gari ambalo paa lake lote lilikuwa linaonekana utadhani linauzwa kwa ndege, kikaja kutua kwenye bwawa. Akalaza kichwa kulia. Akakilaza kushoto.

"Na haya maji, hayamwagiki?"

Mshkaji akatoka nje. Voisi noti mnayoisikia ndipo ilipoanzia.

Mengine tuyaache. Nikairudisha kamera mahali pake, nikaiambia Blender ipime pembe kwa wima (ukitaka ibaki kwa ulalo ni nyuzi 58.5, lenzi ya milimita 32 hivi kwa sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea picha, yenye upana wa milimita 36), leya ikakaa kwenye nyumba bila hata kuisukuma, yaani inatia hasira. Mama kapitisha kazi, ila kaomba watu wote watolewe kwenye picha isipokuwa yule mdogo mwenye ndevu, kampenda.

Nikamtumia, na kimo chake halisi.

Akajibu: "Siye huyu."