Sogea Tukae Haikuanza na Vijana wa Leo

Kila mjadala wa ndoa unapozuka hapa Tabora, katika kikao cha ukoo, mahubirini au redioni, maelezo huwa ni yale yale: vijana wameiga Uzungu, simu zimewaharibu, na ndiyo maana wanaishi sogea tukae, yaani pamoja bila kufunga ndoa, kisha wanaachana bila mzee yeyote kuitwa. Sikubaliani na maelezo hayo, kwa sababu yanafuta historia yetu wenyewe na, lililo baya zaidi, yanatuzuia kumwona anayeumia.

R. G. Abrahams, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Unyamwezi mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza kwamba Wanyamwezi walikuwa na ndoa za namna mbili. Ilikuwapo ndoa ya mahari, iliyompa mume haki kamili juu ya watoto, na ilikuwapo ndoa isiyo na mahari, ambayo watoto wake walihesabiwa upande wa mama. Talaka nayo haikuwa kitu cha ajabu. Hatuna budi pia kukumbuka kwamba wanaume wa huku walisafiri na misafara ya pembe kwenda pwani, kisha wakaenda manamba, yaani vibarua wa mkataba, katika mashamba ya katani pamoja na ndugu zetu Waha wa Kigoma, wakikaa mbali na nyumba zao kwa muda mrefu. Ndoa ya zamani iliyotulia na isiyovunjika, ambayo tunaililia leo, haikuwa hali ya kila kaya. Kilichokuwapo ni ukoo uliojua mtoto ni wa nani na nani atamlisha, hata pale ambapo mahari haikutoka.

Wanasosholojia na wanademografia wa Ulaya wana maelezo yao, na kwa kwao yana uzito. Mwaka 1986 Ron Lesthaeghe wa Ubelgiji na Dirk van de Kaa wa Uholanzi walitoa hoja kwamba ndoa zimepungua na watu wanaoishi pamoja bila ndoa wameongezeka kwa sababu mtu aliyekwisha kujitosheleza kimaisha huanza kuthamini uhuru wake kuliko masharti ya kanisa na jamii. Sheria pia huchangia: huko Uingereza na Wales, sheria mpya ya talaka ilipoanza kutumika mwaka 1971, talaka zilipanda kutoka takriban 74,000 mwaka huo hadi takriban 119,000 mwaka uliofuata, kwa kuwa ndoa nyingi zilizokwisha kufa zamani zilipata njia ya kuzikwa kisheria.

Lakini nikiwatazama vijana wa wilaya zetu za Urambo, Kaliua au Sikonge sioni watu walioichoka ndoa wala waliojitosheleza. Naona watu wanaoiheshimu kiasi cha kujiona hawajaistahili. Hapa anayenisaidia zaidi ni Mmarekani Andrew Cherlin, aliyeandika mwaka 2004 kwamba nchini mwake ndoa imeacha kuwa hatua ya kuanzia maisha na kuwa alama ya mtu aliyekwisha kufanikiwa. Kwetu alama hiyo ina bei inayojulikana: mahari, sendofu ya kumuaga bibi harusi, kamati, kadi za michango, ukumbi, mpiga picha. Kijana anayelima ekari mbili za tumbaku hukisia gharama hizo, humchukua binti wa watu, na kuahidi kwamba harusi itafuata baada ya mauzo. Msimu unapita, gharama za pembejeo zinakatwa kwenye malipo, deni linabaki, na ahadi inasogezwa mwaka mwingine. Wapo Wakatoliki wanaokaa miaka mingi bila kupokea Komunyo, si kwa kuipinga ndoa ya kanisani, bali kwa kuamini kwamba haifungwi bila sherehe, ilhali kanisa halidai sherehe hiyo.

Tumbaku inastahili kutazamwa kwa makini zaidi katika jambo hili. Ni zao linalomeza kazi ya mikono: kutunza kitalu, kuhamishia miche shambani, kuvuna jani baada ya jani, kulinda usiku moto wa bani, yaani banda la kukaushia, na kupanga majani kwa madaraja ya ubora. Mwanamke hushiriki katika karibu kila hatua, lakini mara nyingi jina lililo kwenye daftari la chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, ni la mwanamume, na fedha huja kwa mkupuo kwa jina hilo. Ugomvi ukizuka baada ya malipo, yule binti hurudi kwa wazazi wake na mtoto mgongoni. Hakuna talaka iliyoandikwa, kwa kuwa hakuna ndoa iliyoandikwa, na mvunjiko huo hauonekani katika kumbukumbu za mahakama yoyote.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haikumsahau kabisa binti huyo. Kifungu cha 160 kinasema kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kuwa mke na mume, watadhaniwa kuwa wameoana. Na hata dhana hiyo ikipingwa ikaanguka, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Kifungu cha 41 kinasema ndoa iliyotimiza masharti ya sheria haibatiliki kwa sababu tu mahari haikutolewa kama mila inavyotaka. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya wanandoa. Kama kupika na kufua kunahesabiwa, naamini mikono iliyopanga madaraja ya tumbaku ina haki kubwa zaidi ya kuhesabiwa. Ni vigumu hata hivyo kuidai haki hiyo pale ambapo jamii inamwita mwanamke hawara na ndugu wa mwanamume wanakana kwamba walimtambua.

Kwa hiyo sioni faida ya kuendelea kuwahubiria vijana juu ya utandawazi. Ningependa mapadri, wachungaji na masheikh waseme hadharani, tena kila msimu wa mauzo, kwamba ndoa inafungwa kwa mashahidi bila ukumbi. Wazazi wakubali mahari ya kulipwa kidogo kidogo huku ndoa ikiwa imekwisha kuandikishwa. Na vyama vya msingi viandike majina mawili kwa kila shamba linalolimwa na watu wawili.