"Kuna swali?" si swali

Kila muhula ukianza, wakufunzi wa vyuo vya jamii vya Marekani (community colleges, vyuo vya miaka miwili) wanarudi na wimbo ule ule: wanafunzi wa siku hizi wamepoa, hawashiriki, macho yako kwenye simu. Haya. Ulipomaliza slaidi ya kumi na nne uliwauliza nini? "Kuna swali?" Kimya. "Basi tuendelee." Na hapo unahesabu kwamba umewashirikisha.

Swali hilo linamtaka mtu akiri mbele ya wenzake thelathini kwamba ameachwa nyuma. Tena linamtaka ajue ameachwa wapi, na angejua asingekuwa ameachwa. Halafu hata muda humpi. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe aliyapima haya miaka ya 1970 katika madarasa ya sayansi ya watoto: walimu walingoja kama sekunde moja tu, na waliponyamaza hadi tatu, majibu yalirefuka na wajibuji wakaongezeka. Sekunde tatu! Zinakushinda?

Dawa yenyewe, wanafunzi kufundishana kwa kura na mjadala, si ngeni. Mwanafizikia Eric Mazur aliianza Harvard mwaka 1991, katika fizikia. Uliza swali lenye mtego halisi: bei imepanda kwa asilimia 20, kisha ikashuka kwa asilimia 20, je, imerudi ilipoanzia, iko juu, au iko chini? Wape dakika moja ya kufikiri bila kuongea. Kisha wote wainue kadi zenye herufi ya jibu lao kwa mpigo mmoja, wamezishika kifuani. Mikono ikinyanyuliwa mmoja mmoja, wa nyuma watamwangalia yule hodari wa mbele na kumfuata.

Usitaje jibu. Matokeo ya kura usiyaonyeshe pia, maana wakishaona wengi wako wapi, mjadala umekufa. Waliopata wakiwa chini ya theluthi, rudi ufundishe upya. Hakuna cha kujadili, watapotoshana tu. Wakiwa kati ya theluthi na theluthi mbili, kila mmoja atafute jirani mwenye kadi tofauti, amshawishi kwa dakika mbili au tatu. Wewe zunguka, sikiliza, funga mdomo. Utamsikia mmoja akisema "ishirini imeongezwa, ishirini imetolewa, biashara imekwisha," na mwenzake akimsimamisha: ishirini ya pili inakatwa kwenye 120, siyo kwenye 100, kwa hiyo tumebaki na 96. Maelezo hayo ya mtu aliyeelewa dakika tano zilizopita yanaingia kuliko yako, kwa sababu wewe umeshasahau palipokuwa pagumu. Piga kura tena, kisha eleza. Alama za jibu sahihi usitoe, ukitoa, watanakili.

Kazi za vikundi za kufanyia nje ya darasa? Sahau. Wengi hapa husoma nusu muda, hawaishi chuoni, na kipindi kikiisha wanakimbilia zamu ya kazi au kumchukua mtoto. Dakika zile 75 ndizo mlizo nazo pamoja.

Ndiyo, mbinu hii inakula muda. Swali moja linaweza kumeza dakika kumi, na mada mbili tatu zitabaki za kujisomea. Nakubali, ingawa sijui fahari gani iko katika kumaliza silabasi peke yako.

Hoja ngumu zaidi ni nyingine. Utafiti wa Harvard uliotoka mwaka 2019 uliona kwamba wanafunzi waliojifunza kwa kutenda walipata alama zaidi, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mtamu. Kwa mkufunzi wa mkataba anayelipwa kwa kozi, anayeendesha gari kutoka chuo hadi chuo na ambaye fomu za tathmini zinaweza kumnyima muhula ujao, hilo si jambo dogo. Awaambie mapema, wiki ya kwanza, kwa nini watahisi kuchanganyikiwa. Na mkuu wa idara anayezisoma fomu hizo aje akae nyuma ya darasa, apewe kadi naye, ajibu lile swali la asilimia 20.