Bwawa Dogo la Udongo: Samaki Wanataka Kina, Ndege Wanataka Ufuo

Karibu na lango kuu la Mbuga ya Wanyama ya Nairobi lipo Bwawa la Nagolomon. Limetengenezwa na watu, lakini mnandi wanaoanika mbawa zao pale hawalijui hilo. Kilomita chache tu kutoka hapo, kati ya Lang'ata na Kibera, lipo Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 kwenye Mto Motoine. Zamani palikuwa na mashua za tanga na wavuvi wa ndoana. Leo pamejaa gugu maji, mashapo na maji taka. Mjadala wa kujenga bwawa dogo la udongo kwa ajili ya samaki na wanyamapori ukizuka Karen, Ngong au Kitengela, upande mmoja hutaja bwawa la kwanza na mwingine la pili, na wote wana haki ya kulitaja.

Kinachoharibu mjadala ni kwamba "samaki na wanyamapori" hutajwa kwa pumzi moja, kana kwamba wanahitaji maji ya aina moja. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha wanavyovutana. Chukua tuta, yaani ukuta wa udongo unaozuia maji, lenye urefu wa mita 60, kimo cha mita 3 katikati ya bonde na upana wa mita 3 juu. Upande wa maji ulale mita 3 kwa kila mita 1 ya kimo, upande mkavu mita 2 kwa 1. Bonde likiwa na umbo la V, tuta hilo linameza takriban mita za ujazo 720 za udongo ulioshindiliwa. Udongo ukiletwa kutoka nje, hizo ni safari kama 130 za lori la tani 10, kwa kuwa udongo uliochimbuliwa huvimba. Ndiyo maana wajenzi wengi huchimba udongo wa tuta ndani ya bwawa lenyewe.

Maji yakifika kina cha mita 2 ukutani na kurudi nyuma mita 120, bwawa linashika takriban mita za ujazo 1,600. Si haba. Sasa ngoja kiangazi cha Januari hadi Machi. Jua na upepo wa Nairobi hunyanyua kama milimita 5 za maji kwa siku, na kwa siku 90 hizo ni sentimita 45. Ongeza kidogo kinachopenyeza chini, useme sentimita 60. Mtu akitazama ataona maji yameshuka kwa chini ya theluthi moja ya kina. Kumbe kilichobaki ni theluthi moja tu ya maji, kwa sababu bonde ni jembamba chini na pana juu.

Kwa yangeyange, korongo na ndege wa matopeni, kushuka huko ni karamu. Ufuo wa tope unaotokeza kila wiki ndio meza yao, na wanachopenda ni ukingo unaoteremka taratibu, mita 1 kwa kila mita 8 au 10. Kwa samaki ni mkasa. Wanabanwa kwenye dimbwi la joto, hewa ya majini inapungua, na alfajiri unawaona wakihemea juu. Mnandi na mdiria wanamalizia kazi. Anayetaka vyote viwili hana budi kuchimba shimo la kina cha mita 1 zaidi mahali pamoja, kama mita 10 kwa 15, na kuacha kingo zilizobaki zilale. Lisichimbwe chini ya tuta. Liachwe mbali nalo kwa mita 10 au zaidi. Na kabla ya kuchimba, pima unene wa udongo mfinyanzi wa sakafu, maana ukiutoboa na kukuta changarawe, bwawa litavuja kama kapu.

Samaki gani? Hapa ndipo nia njema huleta hasara. Tilapia wa Nile anauzwa na kila mwenye vifaranga, lakini huzaana na tilapia wa asili wa mito ya Athi na Tana, Oreochromis spilurus, na kizazi cha asili kinapotea ndani ya mchanganyiko. Bwawa likifurika, watoro hawakosi. Kambare anavumilia maji mabaya kwa kuwa anaweza kuvuta hewa ya juu, ila atakula viluwiluwi vya vyura na makinda ya samaki wengine, na usiku wa mvua anatambaa kwenye nyasi kwenda kwingine. Kamba wa maji baridi kutoka Marekani, aliyeingizwa Naivasha mwaka 1970, asiguswe kabisa: anachimba mashimo kingoni, na tuta la udongo halina adui mkimya kumshinda. Kama lengo ni makazi ya viumbe na si kitoweo, samaki wadogo wa asili wa mto uleule wanatosha.

Kuhusu udongo, Nairobi imegawanyika. Magharibi na kaskazini, kuanzia Karen hadi Karura, kuna udongo mwekundu unaoshindilika vizuri. Bwawa la Sasumua linaloinywesha Nairobi lilijengwa kwa udongo mwekundu wa namna hiyo. Kusini na mashariki, kuelekea tambarare za Athi, ni udongo mweusi wa pamba. Huo hushika maji vizuri ukiwa umelowa, lakini ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukilazimika kuutumia, uweke katikati ya tuta na uufunike kwa udongo mwingine usiopasuka. Jaribio la kwanza halina gharama: dondosha bonge kavu la udongo, la ukubwa wa harage, katika glasi ya maji safi yaliyotulia, kisha subiri dakika 10. Likimeguka na kukaa chini, endelea na vipimo vingine. Likitoa wingu la maziwa linalosambaa, udongo huo utayeyuka ndani ya tuta kila maji yatakapopata upenyo.

Ushindiliaji hauna njia ya mkato. Ondoa nyasi na mizizi yote, chimba mtaro wa msingi hadi ufikie udongo mgumu usiopitisha maji, kisha panda kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20 kwa rola yenye meno. Finya udongo kiganjani: ushikane kuwa tonge bila kukulowesha. Tingatinga kupita juu ya lundo la nusu mita si kushindilia, hata dereva aape.

Wapinzani wana hoja nzito kuliko zote hapa: tuta dogo linaweza kuua. Bwawa la Patel huko Solai, Nakuru, lilipobomoka usiku wa tarehe 9 Mei 2018, zaidi ya watu 40 walikufa. Lilikuwa kubwa kuliko haya tunayozungumzia, lakini udongo haujui ukubwa. Maji yakipita juu yake, huanza kuliwa, na yanayofuata ni suala la saa chache. Kinga ni mfereji wa maji ya ziada, uliochimbwa pembeni kwenye ardhi asilia na kuoteshwa nyasi, kamwe usiwe juu ya tuta lenyewe.

Upana wake hukokotolewa. Eneo la hekta 50 linalomwaga maji bwawani, mvua ya milimita 50 kwa saa, na asilimia 40 ya mvua hiyo ikitiririka juu ya ardhi, huleta karibu mita za ujazo 3 kwa sekunde. Kuipitisha kwa kina cha sentimita 30 kunahitaji mfereji wa mita 10. Lakini hii ni Nairobi. Shamba lililo juu yako linagawanywa vipande vya nusu ekari, mabati yanapanda, uani pamewekwa kabro. Asilimia 40 ikiwa 70, mafuriko yanakaribia mita za ujazo 5 kwa sekunde na mfereji unatakiwa mita 17 na ushee. Tuta halijabadilika hata kidogo, ila limekuwa hatari. Anayejenga leo aache nafasi ya mita 20, hata kama fundi atamcheka.

Hoja yao kwamba bwawa huzalisha mbu imetiwa chumvi kidogo, kwa kuwa baridi ya mwinuko huu haiwapendezi mbu wa malaria. Konokono wa kichocho ndio wa kuangaliwa, hasa watoto wanapoogelea. Hoja kwamba bwawa huunyima mto maji haijatiwa chumvi. Sheria ya Maji ya 2016 inatanguliza maji ya matumizi ya msingi ya watu na ya uhai wa mto wenyewe, na kuzuia mkondo kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Bwawa la pembeni linalovuna maji ya mvua peke yake linakwepa sehemu kubwa ya ugomvi huu, pamoja na mashapo na maji taka yaliyoliua Bwawa la Nairobi. Kwa maoni yetu, hakuna sababu ya kutosha ya kuziba kijito cha Nairobi kwa ajili ya ndege.

Na hao wanyama wanaokaribishwa ndio watakaolibomoa taratibu. Ngiri huchimba mashimo, kwato hufungua vijia vinavyogeuka makorongo, na mti ulioota juu ya tuta huacha mfereji pale mzizi unapooza. Bomba la kuteremshia maji chini ya tuta lizungushiwe mchanga upande wa kutokea, na valvu ifunguliwe mara mbili kwa mwaka isije ikashika kutu. Mwezi Aprili mtu apite kila siku chini ya tuta akitazama unyevu. Maji maangavu yasiyo na tope yanayotiririka kidogo yanaweza kumsubiri fundi wiki moja. Yakianza kutoka na tope, valvu ifunguliwe usiku huohuo na walio chini ya bonde waamshwe.