Mililita Ishirini na Jogoo wa Ukweni

Jogoo alikuwa mweupe. Naomba hilo ulishike tangu mwanzo, maana baadaye kesi nzima ilisimama kwenye rangi yake.

Nilikuwa nimefunga injini kwenye baiskeli. Zile injini ndogo za mipigo miwili zinazokuja kwenye boksi moja na tangi la lita mbili, kabureta, mnyororo na karatasi ya maelekezo iliyotafsiriwa na mtu mwenye haraka zake. Boksi linasema 80 cc. Pima pistoni: kipenyo milimita 47, mwendo milimita 38. Piga hesabu, unapata 66. Hapo tu ningejua kwamba namba za shughuli hii zinataka mtu mwenye usingizi wa kutosha.

Injini ya aina hii haina oili inayokaa chini kama ya bodaboda. Oili inasafiri na petroli. Mchanganyiko unaingia kwanza kwenye chumba cha kranki, unalainisha beringi na ukuta wa silinda, ndipo unapanda juu kuunguzwa. Ukikosea kwenye kidumu, umekosea kila mahali kwa mara moja.

Mimi nilianza kukosea mapema. Jirani alikuwa na oili ya bodaboda imebaki, 20W-50, akanipa bure. Nikaimimina kwa kukadiria, nikawasha. Uyole, mtaa wetu hapa Mbeya, ikafunga ukungu saa nane mchana. Mzee mmoja akaja kuuliza kama nimeanza kuchoma matofali bila kibali cha mtaa. Oili ile imetengenezwa ikae ndani ya injini miezi, haikutengenezwa iungue. Viungo vyake vikipita kwenye moto vinaacha majivu kwenye plagi. Nusu saa haikuisha, plagi ikatoka nyeusi, imelowa, haitoi cheche hata ya kusingizia. Oili ambayo haikuungua ikashukia kwenye eksozi ikatulia humo. Nikasafisha plagi, nikamwaga mchanganyiko, nikasahau eksozi.

Shemeji yangu ana kazi zake kwenye boti za Matema. Aliposikia nahangaika, akaniletea chupa ya oili ya mipigo miwili yenye maandishi TC-W3. Ni oili halali kabisa, ila ni ya boti: injini za boti zinapozwa na maji ya Ziwa Nyasa kutwa nzima. Yangu inapozwa na upepo, na ukipanda kilima mwendo wa kobe, hata huo upepo haupo. Injini ya upepo inataka chupa iliyoandikwa JASO FC, au FD ukiipata. Haya nayaeleza leo kwa sauti ya mtaalamu. Siku ile nilisoma "2T", yaani mipigo miwili, nikaridhika.

Karatasi ya maelekezo ilisema injini mpya ianze na 20:1. Nikaenda duka la dawa kununua sirinji ya mililita kumi. Dada wa dukani akaniuliza mgonjwa ana umri gani. Nikamwambia wiki moja. Akanipa pole.

Nikapima lita moja ya petroli. Nikavuta oili mililita kumi, nikachungulia mstari kwa jicho moja kama nesi, nikamimina. Kumi nyingine. Ishirini. Hakuna tone lililopotea.

Tatizo ni kwamba 20:1 maana yake ni sehemu ishirini za petroli kwa sehemu moja ya oili. Lita ni mililita 1,000. Gawanya kwa 20, unapata 50. Mililita hamsini kwa lita. Hizo ishirini zangu ni 50:1. Namba ni zilezile mbili, zimebadilishana viti tu, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti kibaya kwa usahihi wa hospitali.

Kabla ya safari nilipita kwa fundi Mwanjelwa, kwa sababu injini ilikuwa inabwabwaja kila nikiipa mafuta mengi. Akasema ni mwinuko. Mbeya tuko juu ya mita 1,700, hewa ni nyepesi, kabureta iliyopangwa kwa watu wa pwani inaleta petroli nyingi kuliko hewa ya kuiunguzia. Akafungua kabureta, akatoa sindano yake, akahamisha kile kipini chembamba kutoka mfereji wa katikati kwenda wa juu yake. Kipini kikipanda, sindano inashuka, na petroli inapungua. Kazi safi. Lakini petroli ikipungua, oili iliyomo nayo inapungua, kwa hiyo akauliza kama mtu mzima:

"Oili umeweka ngapi?"

"Ishirini, kama karatasi inavyosema."

"Hapo sawa."

Tukakubaliana kabisa, kila mtu na maana yake.

Jumapili nikavaa suti. Ukweni ni Mbalizi, na baba mkwe alikuwa ameahidiwa jogoo. Nikamweka kwenye tenga, tenga nikalifunga pembeni ya keria, upande wa eksozi kwa sababu upande wa pili kulikuwa na mwavuli. Sae, Mama John, Kabwe, Mafiati, chombo kinalia vizuri. Vizuri mno. Sauti nyembamba, moshi hakuna. Nikaona ndiyo ustaarabu wenyewe. Sikujua kwamba eksozi imeshapata moto, na ile 20W-50 iliyolala humo imeamka inatoka matone kwa matone, nyeusi kama lami, na yote inapokelewa na mgeni wa kwenye tenga. Alipiga kelele mara mbili pale Nzovwe. Nikadhani anasalimia.

Kisha ukaja mteremko wa Iwambi.

Nikafanya kama wanavyofanya wa bodaboda: nikafunga mafuta yote, injini ishike mwendo. Kwenye bodaboda sawa, oili iko chini inazunguka. Kwenye mipigo miwili, ukifunga mafuta umefunga na oili. Gurudumu linaikokota pistoni kwa kasi ya mteremko, kilometa nzima, na ndani hakuna kitu zaidi ya maombi ya mke wangu. Weka na oili ya boti, weka na injini mpya ambayo ringi zake hazijakaa, weka na ile hesabu yangu.

Ikalia "kwii" moja. Gurudumu la nyuma likasimama palepale, baiskeli haikusimama. Nilichora mstari kwenye lami. Nyuma yangu lori la kwenda Tunduma lilipiga honi ambayo bado naisikia nikiwa nimelala. Mkono ukavuta klachi wenyewe, wala si kwa akili. Klachi ikaitenga injini na gurudumu, gurudumu likaachia, nikayumba hadi kwenye majani. Kamba ya keria haikuvumilia. Tenga likaenda kivyake, na mwenye tenga kivyake.

Niliingia ukweni nikipiga pedali, kimya, na suti yenye majani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibu baba. Jogoo?"

"Amebaki njiani."

"Kwa hiari yake?"

Baba mkwe alipasua mbao Mufindi miaka mingi, na chenso nayo ni mipigo miwili. Hakuniuliza kitu. Akafungua plagi, akaigeuza juani. Nyeupe kama chaki, na juu yake vidoa vya kung'aa.

"Unaona hii? Hii ni pistoni yako. Inahamia huku kidogo kidogo."

Akamimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, tukaingia ndani kunywa chai na viazi. Tulipotoka akaachia klachi, akatikisa gurudumu la nyuma mbele na nyuma, taratibu, bila kulazimisha. Safari ya tano likakubali. Akalegeza nati nne za silinda kwa msalaba, akainyanyua. Pistoni ilikuwa na mikwaruzo upande wa eksozi, maana huko ndiko kwenye joto kali, lakini ringi zilikuwa bado zinacheza kwenye mifereji yake. Akaniambia nina bahati ya mjinga. Akaipitisha msasa namba 400 uliolowa mafuta ya taa, kwenye mikwaruzo tu, akaosha kila kitu mpaka vumbi la msasa likaisha, akapaka oili, akarudisha na kukaza nati kwa msalaba, kidogo kidogo.

"Sasa niambie ulichanganyaje."

Nikamwambia. Akakaa kimya kidogo.

"Mkwe, na mahari ulizihesabu hivyohivyo?"

Akatoa chupa yake ya chenso, FD. Nusu ya petroli kwenye kidumu, oili mililita hamsini yote, tikisa, jaza petroli iliyobaki, tikisa tena, ndipo umimine kwenye tangi. Usichanganyie kwenye tangi. Oili inawahi kushuka kwenye bomba na injini inaanza kwa kunywa uji. Matangi manne ya mwanzo hivyo, halafu ushuke hadi 25:1, yaani mililita 40. Wapo wanaokwenda 32:1, kama mililita 31, lakini kwa vilima vyetu mimi sitoki kwenye 40. Nikamuuliza kama nikiweka mia si ndiyo salama zaidi. Akasema oili ikizidi imechukua nafasi ya petroli, injini inapata petroli pungufu, inapata joto, na juu yake inajaza masizi. Na mteremkoni nivute klachi iache injini ikohoe yenyewe, au niiguse mafuta kila baada ya muda.

Jioni nikaanza kurudi. Katikati ya Iwambi kuna mama ana genge la nyanya, na mguuni pa meza kafunga jogoo.

"Mama, huyo jogoo ni wangu. Kaanguka hapa saa nne."

"Wako ana rangi gani?"

"Mweupe."

Akamtazama jogoo. Nami nikamtazama. Mweusi, kuanzia upanga hadi mkia, anang'aa.

"Hiyo ni oili, mama. 20W-50."

Nikalowesha leso kwenye petroli nimfute bawa moja awe shahidi. Akaita majirani waje waone mtu anayetaka kumpaka kuku wake rangi. Wakaja. Mwishowe nikauliza bei.

"Angekuwa mweupe ningekuachia kwa elfu ishirini," akasema. "Mweusi tii namna hii ni elfu arobaini. Kuna watu wanawafuata kutoka mbali."