Mama ajifungulie nyumbani, baba alelee Ujerumani

Nikipiga simu nyumbani Tanga, swali ni moja: "Huko kulea si kazi, serikali si inawalipa?" Nikikaa na Watanzania wenzangu hapa Leipzig, wao wana wimbo wao: nyumbani ndiko raha, mtoto analelewa na ukoo mzima. Tangu binti yetu azaliwe nimewasikiliza wote, na naona kila upande umeshika nusu. Kulea kuzuri kuko wapi? Inategemea unamuuliza nani, mama au baba.

Nianze na mama, maana ndiye aliyepunjwa. Kwetu mwanamke akijifungua hahesabiwi mtu wa kazi mpaka arobaini ipite. Asubuhi anakandwa: sufuria kubwa la maji ya moto, taulo linachovywa, linakamuliwa, linagandamizwa tumboni, kiunoni, mgongoni. Mkandaji ni mama mtu mzima asiyejali kelele zako. Akimaliza anakufunga tumbo kwa kanga, unapewa uji wenye pilipili manga, unaambiwa lala. Mtoto analetwa kunyonya, akishiba anachukuliwa. Wauguzi wanaonya maji yasiwe ya kuunguza, na wana haki. Lakini hata ukiyapooza hayo maji, bado kuna mtu mwingine ndani ya nyumba anayeamka kabla yako, siku arobaini mfululizo.

Mke wangu hakuyapata hayo. Mama mkwe alikuwa aje, goti likamkatalia. Sisi tunakaa ghorofa ya nne kwenye jengo la zamani lisilo na lifti. Kigari cha mtoto kinafungwa kufuli chini ya ngazi. Mtoto mwenyewe, nepi na manunuzi vinapanda mikononi. Majirani ni watu wema, walituachia mlangoni soksi za kufuma na kadi ya pongezi. Ila hakuna aliyegonga. Kwao heshima ni kutomsumbua mzazi. Kwetu usipomgongea mzazi mlango, huo tayari ni ugomvi.

Aliyegonga ni mkunga. Hili jambo watu wa nyumbani hawalijui na ningependa walijue, kwa sababu ni zuri kuliko hizo pesa wanazoziulizia. Ukishajifungua, mkunga anakufuata nyumbani, siku za mwanzo hata kila siku, kisha kwa kuachanisha mpaka mtoto afikishe wiki 12, na bima ya afya ndiyo inayolipa. Tatizo ni kumpata. Wakunga hawatoshi, kwa hiyo watu wanaanza kutafuta mimba ikiwa changa kabisa, simu baada ya simu. Wetu alikuwa mama wa makamo mwenye mkoba mzito. Siku ya kwanza akatoa kitambaa, akamlaza mtoto ndani, akakitundika kwenye ndoano ya mizani ya mkononi na kuinua. Mke wangu akacheka mpaka mshono ukamuuma: ni kliniki ya kwetu ile ile, kisuruali na mizani ya kuning'inia, imepanda ngazi kutufuata. Akaangalia kitovu, akaangalia anavyonyonya, akamuuliza mke wangu analala saa ngapi, akaandika. Baada ya hapo akavaa koti akaenda zake. Utaalamu wote uko pale, lakini hapiki, hafui, na huwezi kumwambia nishikie mtoto nikaoge.

Kwa hiyo aliyeshika mtoto ni mimi, na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wa "nyumbani ndiko raha". Raha ya nani? Nyumbani baba wa mtoto mchanga ni mgeni kwenye chumba chake mwenyewe. Anaulizwa pesa ya supu, anaambiwa atoke, wanawake wako kazini. Sheria nayo ilikubaliana nao: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku 3. Siku 3 hata kitovu hakijadondoka.

Hapa mama haruhusiwi kufanya kazi wiki 8 baada ya kujifungua, hata akitaka. Kisha kuna malipo ya wazazi, wenyewe wanayaita Elterngeld. Kwa kawaida ni asilimia 65 ya mshahara uliokuwa ukiingia mfukoni, hayashuki chini ya yuro 300 wala kuzidi 1,800 kwa mwezi. Akichukua mzazi mmoja tu kati ya wawili, anapata miezi 12; wa pili naye akichukua yake, jumla inafika 14. Ile miwili ya nyongeza, baba asipoichukua, inapotea. Ujanja wa serikali huo, na kwangu ulifanya kazi. Nimejifunza kumuogesha mtoto mwenye utelezi kwenye beseni, kumcheulisha, kutofautisha kilio cha njaa na cha usingizi. Saa kumi alfajiri namfunga kifuani kwa mbeleko tunazunguka jikoni. Kaka yangu nikimsimulia anasema nimerogwa.

Pesa ya mtoto nayo ipo, mwaka 2025 ilikuwa yuro 255 kwa mwezi. Kwa kodi ya nyumba na nepi, haikai. Na ole wako nepi ziishe Jumapili: maduka yote yamefungwa, unabaki na stesheni kuu au vituo vya mafuta.

Mengine ni ya kushangaza tu. Matone ya vitamini D kila siku, kwa sababu jua la hapa la kudokoa. Binti yangu hatakuwa na lile kovu la chanjo ya kifua kikuu tulilo nalo sote begani. Hapa waliacha kuipendekeza mwaka 1998. Mama yangu alipoambiwa alinyamaza, kisha akauliza kama mtoto ameandikishwa kweli.

Na tunapousifu ukoo mzima, tumtaje na dada wa kazi. Nyumba nyingi za mjini ukoo haupo tena, uko kazini kama sisi. Anayelea ni binti aliyetolewa kijijini, analala sakafuni, mshahara wake hatuusemi mbele za watu. Hapa mtoto akitimiza mwaka ana haki kisheria ya nafasi ya kulelewa mchana, tangu 2013. Nafasi zenyewe kuzipata ni mbinde, lakini mlezi amesomea kazi na ana likizo yake.

Basi Watanzania wenzangu wa hapa wanaponiuliza kama wawarudishe wake zao wakajifungulie nyumbani, nawaambia wafikiri mara mbili. Mashirika mengi ya ndege hayampandishi mjamzito aliyepita wiki 36, na mtoto akizaliwa kule na pasipoti ya kule, kumrudisha huku ni viza nyingine. Mleteni bibi. Viza ya kutembelea inaruhusu mpaka siku 90. Arobaini inaingia humo mara mbili na chenji inabaki. Anzeni mapema, pasipoti, bima, barua ya mwaliko, msingoje tumbo lionekane.

Mtoto wetu wa pili hayuko hata njiani, lakini mama mkwe goti limepona na ameshaanza kufuatilia pasipoti. Juzi kanipigia kuuliza kama jiko letu la umeme linabeba sufuria la kukandia, au aje na lake.