Namba ya FBP na mgonjwa wa mionzi

Kwenye FBP, kipimo kinachohesabu chembe za damu, chukua idadi ya nutrofili, gawanya kwa limfosaiti; zote ni chembe nyeupe za kinga. Hesabu hiyo, inayowezekana hata kwa simu ya kitochi ukiwa na karatasi ya FBP mkononi, ndiyo inayobishaniwa: imwongoze daktari anayempangia mionzi mgonjwa wa saratani ya mapafu?

Wanaoitetea hawabahatishi. Tafiti nyingi zimekuta kwamba walioanza mionzi uwiano ukiwa juu huishi muda mfupi zaidi, kwa wastani. Saratani inayochochea inflamesheni, yaani mwili kuvimba na kuwaka kwa kujikinga, huita nutrofili, nazo huisaidia kujijengea mishipa ya damu. Limfosaiti, wawindaji wake, hupungua. Tena haiongezi gharama, maana FBP itapimwa tu.

Wanaosita huitwa wapinga maendeleo. Wanaonewa. Mfuate mgonjwa kutoka Tanga: anahema, mishipa ya shingo imetuna kwa sababu uvimbe umebana mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni. Anapewa deksamethasoni, dawa ya steroidi, na ni sawa apewe, kisha anasafiri kilomita kama 350 hadi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar. Tuseme kabla ya dawa nutrofili zilikuwa 4.8 na limfosaiti 1.6, yaani uwiano wa 3. Dawa hiyo huzibandua nutrofili kwenye kuta za mishipa zikaingia kwenye mkondo, na huziondoa limfosaiti kwenye damu. Kesho yake, Dar, mashine inasoma 8.4 na 0.8. Uwiano: 10.5. Saratani haijasogea hata milimita. Kilichosogea ni basi.

Nimonia nyuma ya njia ya hewa iliyozibwa hufanya vivyo hivyo. TB na VVU navyo huchezea namba hiyo. Hata mionzi yenyewe: limfosaiti hufa kwa dozi ndogo mno, na katika ratiba ya grei 60 (grei hupima dozi ya mionzi) kwa siku 30 za tiba, damu inayopita kifuani hupigwa kila mara. Anayetabiri kwa FBP ya wiki ya tatu anasoma kazi ya mashine ya mionzi.

Halafu kuna mpaka wa kusema uwiano uko juu. Huyu anasema 3, yule 5, na mara nyingi umechaguliwa baada ya kujulikana nani alifariki. Waafrika wengi, kwa kukosa protini ya Duffy kwenye chembe nyekundu, wana nutrofili chache kiasili. Mpaka wa Ulaya unaweza kumpa mtu wa Pangani nafuu asiyo nayo.

Hatari ni pale mwenye 10.5 anapohesabiwa kuwa hana muda, akakatiwa dozi 5 za kutuliza badala ya 30 za kutafuta kupona. Uwiano unadokeza nani ana hali mbaya zaidi. Hausemi nani hatafaidika na mionzi. Uamuzi huo una mizani yake: hatua ya ugonjwa, kama anajihudumia mwenyewe, kilo alizopoteza ndani ya miezi 6.

Siyo kwamba namba itupwe. Damu itolewe kabla ya deksamethasoni, bila kuichelewesha dawa kwa mgonjwa anayebanwa. Chupa ya kifuniko cha zambarau ipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10, isitikiswe, kwani damu ikiganda hata kidogo chembe hazihesabiki sawasawa. Fomu iandikwe saa ya kutoa damu, dawa zilizotangulia na homa kama ipo. Na karatasi hiyo ya kwanza ibanwe kwenye barua ya rufaa, isibaki kwenye faili la wodi.