Tulioana Jumatano

Mama alipoambiwa harusi itakuwa Jumatano alinyamaza kwanza, halafu akauliza, "Kwani Jumamosi zimeisha?"

Zilikuwepo, ila bei yake hatukuiweza. Kila ukumbi tulioulizia hapa Nairobi ulikuwa na bei mbili, ya wikendi na ya siku za kazi, na ukitaja Jumamosi ya Agosti au Desemba hata kubembeleza hakuna. Mpiga picha tuliyempenda alishusha karibu nusu aliposikia Jumatano, maana siku hiyo hakuwa na kazi nyingine.

Sehemu ya kisheria nayo haikutusumbua. Kwa Msajili wa Ndoa, pale Sheria House, kazi hufanywa Jumatatu hadi Ijumaa. Mnatoa ilani, mnasubiri siku 21, mnafika na mashahidi wawili. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, ndoa zote zilizosajiliwa zina hadhi moja, iwe ni ya kanisani, ya Kiislamu, ya kimila au ya serikali. Kwa hiyo anayesema tulioana "nusu" hajui anachosema.

Kilichonisukuma zaidi lakini ni kamati. Nimekaa kwenye kamati za harusi na nimechanga kwa moyo mmoja. Nimeona pia orodha ya ahadi ikipandishwa kwenye WhatsApp kila jioni, jina la mtu na kiasi anachodaiwa, na mtu huyo namjua, karo ya Januari bado inamkaba. Rafiki yangu mmoja alilipa mkopo wa sacco miaka miwili kwa ajili ya hema, maua na magari ya siku moja. Mtoto alizaliwa, akaanza kutembea, deni bado lipo. Sikutaka kuanza ndoa hivyo, wala sikutaka kumwomba mtu anichangie nipigwe picha.

Jumatano ilitupunguzia na lawama. Jumamosi ukimwacha mtu nje, umemtenga. Siku ya kazi kila mtu anaelewa. Tulialika watu 30, wengine tukawapigia simu mmoja mmoja, na wengi walituombea baraka papo hapo.

Wazee husema ndoa ni ya koo mbili, na ninakubaliana nao kabisa. Ndiyo maana Jumamosi yetu tuliipeleka kwenye posa, nyumbani kwetu. Shangazi walipika, wazee wakazungumza mahari hadi jua likazama, kila mwenye neno akalisema. Koo zilikutana pale, zikala, zikafahamiana. Kuzikusanya upya baada ya miezi miwili kwa gharama mara tano, ya nini?

Kuna jambo moja linalohitaji uangalifu. Ukipunguza gharama yako usimwongezee mgeni. Mwenye mshahara wa mwezi ataomba ruhusa, lakini anayefanya kibarua au kuuza mboga soko la Wakulima akikosa siku, amekosa chakula cha siku hiyo. Shangazi yangu wa sokoni tulimwambia aje chakula cha mchana tu, baada ya kufunga hesabu za alfajiri, na nauli tukamtumia kwa M-Pesa usiku uliotangulia. Anayepanga harusi ya katikati ya juma bila kufikiria watu kama hawa amehamisha gharama tu, hajaokoa kitu.

Mjomba ni bawabu wa usiku Industrial Area. Alitoka zamu asubuhi, akaja moja kwa moja na buti zake, shati safi likiwa kwenye mfuko wa plastiki. Alitia sahihi kama shahidi, mkono ukitetemeka kwa usingizi. Baada ya pilau alilala kitini, sahani ya keki mapajani, na hakuna aliyemwamsha hadi saa kumi, alipohitaji kurudi kazini. Mama ndiye aliyemfungia kipande kingine cha keki, akamsindikiza hadi stejini.